Simu ya Kusomea Juani

Kevine mwanangu,

Wewe umeenda Buyenzi kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa mezani kwangu chini ya mwavuli, simu za watu zimelala mbele yangu, mteja hata mmoja hakuna. Jua la saa nane linachoma mpaka wauza ndizi wa pale kona wamejibanza ukutani. Nimeona nikuandikie sasa hivi, maana jioni nyumba itajaa watu, umeme wenyewe tabia yake unaijua, na tukibaki wawili tutaanza tena kugombana kama tulivyogombana wiki hii yote. Nimechoka kugombana na wewe. Nataka kusema yangu mpaka mwisho bila kuona uso wako ukikunjamana.

Sitakuambia ule nini wala ufue lini. Mafuta ya jua yako kwenye mfuko wa kijani, hilo nimelisema na silirudii. Nataka kukueleza habari ya simu niliyokuchagulia, kwa nini nimechelewa kuichagua, na kwa nini siku hizi unanikuta macho yamevimba halafu nakudanganya kwamba ni vumbi.

Kesho asubuhi unapanda basi la Kayanza. Utazunguka milimani kwa wakulima wa kahawa, kutwa nzima nje, simu mkononi, unaandika ndani yake mti upi unaumwa na shamba la nani linaishia wapi. Ni kazi nzuri na umeipata kwa akili yako mwenyewe, hukubebwa na mtu. Lakini wewe ni nyamweru, mwanangu. Ngozi yako haina rangi ya kukukinga, na macho yako yanachezacheza na kuuma mwanga ukizidi. Sasa katika kazi zote za dunia hii, Mungu akakuchagulia kazi ya kusoma kioo juani! Uliponiambia nilicheka, nadhani uliniona. Kisha nikaingia chooni nikalia. Naogopa usije ukashindwa kusoma, wakakurudisha kwa aibu. Naogopa zaidi usije usirudi kabisa. Habari za watu kama wewe kuviziwa njiani umezisikia tangu utoto, na mimi ndiye niliyekusimulia, tena mara nyingi kuliko ilivyofaa.

Nianze na Gatumba. Ulikuwa bado mdogo, na mimi nilikuwa nauza simu mpakani, nazinunua kwa Wakongomani waliovuka kutoka Uvira na kuziuza upande wetu. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja. Nikalipigilia kitenge kizito, ili jua lisikuguse na jicho la mtu lisikuone. Ulienda shule, ulirudi, basi. Jumamosi ulikaa humo gizani ukiwasikiliza wenzako wanacheza nje, ukiniuliza huyu anayecheka ni nani, na yule anayelia ni nani. Mimi nilikujibu huku nahesabu chaja zangu, na nilijiona mama mwema kuliko wote.

Kisha Rusizi ikafurika. Maji yakapanda mpaka kwenye godoro, nikakubeba mgongoni ingawa miguu yako ilikuwa inaburuta majini, na beseni la simu kichwani. Tukaishia kwenye mahema. Unakumbuka joto la yale mahema? Ndani kulikuwa hakukaliki. Nilijaribu kukuzuia humo siku ya kwanza, ukatapika kwa joto, ikabidi nikuache utoke. Ukavaa kofia ya mzee mmoja jirani yetu, pana kama sinia, ukaenda kwa wale wasichana waliokuwa wanaruka kamba. Wiki ile ile ukajua kuruka. Ukawa na rafiki. Ukawa unarudi jioni umejaa vumbi mpaka kwenye kope, unaongea bila kupumua, na shingo yako nyuma imejaa malengelenge.

Mimi niliona malengelenge tu. Nilikupaka dawa nikikugombeza, na kicheko chako chote kile hakikuniingia kichwani. Tulipopata chumba hapa Ngagara, kabla ya sufuria, kabla ya kitanda, nilinunua pazia. Nimelikumbuka lile pazia wiki hii, Kevine, na roho imeniuma sana.

Halafu kuna ile simu ya sekondari. Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kukaa kwenye meza hii na Salvator, yeye akitengeneza, mimi nikiuza. Unajua nilivyokuwa nazipima simu. Mchana jua likiwa utosini nasimama katikati ya barabara, simu moja mkono huu, nyingine mkono huu, taa zake nimezipandisha mpaka mwisho, na ile inayoonekana zaidi ndiyo nzuri. Wateja walipenda kuniangalia. Hivyo ndivyo nilivyokupimia na ya kwako. Nilikuletea yenye mwanga mkali kuliko zote zilizowahi kupita mezani, nikakuambia, “Hii inalipiga jua kofi!” Ukasema asante, Mama. Nilijisifu kwa majirani mwezi mzima.

Kumbe wewe ukaanza kukaa uani umejifunika kitenge kichwani, simu ndani. Kila siku ukitoka shule, gubigubi. Nilikuangalia kwa dirishani. Nikasema basi, mutoto amepata mwanaume. Siku moja nikatoka nikakivuta kile kitenge.

“Unasemeshana na nani humo ndani?”

“Na mutu apana, Mama. Mi nasoma. Ni biolojia.”

“Kusoma gani kwa kujifunika kama mwizi? Leta ile telefone!”

Uliniambia jua linakuumiza, ukaniambia na ile taa inakuumiza. Nikasema simu nzuri kama hii haiumizi mtu, mimi ndiye naziuza, mimi ndiye najua. Nikaifungia kabatini muhula mzima. Hukubisha. Ungebisha ingekuwa nafuu kwangu leo. Ulikaa na wenzako wakikusomea kwa sauti, na mimi nikaamini nimekuokoa na mwanaume ambaye hakuwepo.

Ukweli wake nimeuelewa mwezi huu tu, hapa hapa mezani, na wewe ulikuwepo. Ulipopata kazi nilitoa simu zangu tatu nzuri, nikaingia barabarani kama kawaida yangu, nikaanza kuzipima. Ukaja na kofia yako, ukasimama, ukaniangalia.

“Mama, unapima na macho yako,” ukasema. “Mi ndiye nitaitumia.”

“Sasa we unataka tupime namna gani?”

“Nipe kitenge.”

Salvator akacheka, akadhani ni utani wetu wa kila siku. Ukaketi kwenye kigoda juani kabisa, ukalipa jua mgongo, ukajifunika kitenge juu ya kofia. Ukachukua simu ya kwanza, ukaigeuza ukurasa uwe mweusi na herufi nyeupe, ukaushusha mwanga, ukaileta karibu na pua kama unavyofanya. Tukakusikia unasema, “Hii nyeusi yake si nyeusi, ni majivu. Herufi zinaogelea.” Ya pili hivyo hivyo. Ukachukua ya tatu. Ukaanza kusoma kwa sauti lile somo mlilotumiwa na mradi wenu wa kahawa, la kutambua kutu kwenye majani ya kahawa. Ulisoma kuanzia juu mpaka chini bila kujikwaa hata mara moja. Salvator akaweka bisibisi chini. Watu waliokuwa wanapita wakasimama, wasijue wanamsikiliza nani. Na mimi nilikuwa nimesimama na zile simu mbili mkononi, namsikiliza mwanangu anasoma chini ya kitenge, na nikakumbuka nilichokufanyia uani. Nikazunguka nyuma ya duka la jirani nikajifanya natafuta chenji. Nisamehe. Nilipaswa kulisema neno hili pale pale mbele ya Salvator, nikashindwa.

Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi tena, uzee huu. Nimemsumbua Salvator mpaka ananikimbia. Kwa hiyo nikuandikie nilichokielewa, ili siku nyingine ukibadilisha simu usinitegemee mimi wala muuzaji mwenye mdomo mtamu kama mimi.

Zile mbili za kwanza kioo chake ni LCD. Ina taa moja kubwa nyuma, na kioo kinachofanya ni kuichuja tu, kama mtu aliyewasha taa nyuma ya pazia. Ukiweka ukurasa mweusi, taa nyuma bado inawaka yote, ndiyo maana weusi wake ni majivu, na ndiyo maana betri hainufaiki na chochote. Mtu mwenye macho kama yangu akiwa juani anaipandisha taa mpaka mwisho, anaona, lakini chaji inakwenda mbio, na simu ikishapata joto inajishusha mwanga yenyewe bila kumuuliza. Ya tatu, hii yako, ni OLED. Humo hakuna taa ya nyuma. Kila kitone kinajiwashia chake, na penye weusi kimezimwa kabisa. Ukurasa wako mweusi wenye herufi nyeupe unawasha vitone vichache tu, kwa hiyo macho yanapumzika na betri inapumzika. Lakini ukifungua ukurasa mweupe na mwanga wote juu, hii hii inakunywa chaji kuliko hata LCD. Mteja wangu mmoja alinirudishia ya namna hii akisema nimemuuzia betri mbovu, nikambishia mpaka tukakaribia kushikana mashati. Betri ilikuwa nzima. Alikuwa anasoma kurasa nyeupe juani kutwa.

Ina kasoro zake na sitakuficha. Ukiacha kitu kimoja kimewaka muda mrefu sana, kivuli chake kinabaki pale pale, hakitoki. Na weusi ule juani unageuka kioo cha kujitazamia, utaona kofia yako na mawingu badala ya kahawa. Kwa hiyo nimeibandika ile filamu isiyong'aa. Inapunguza uzuri kidogo, Salvator amesikitika kama nimepaka matope ukutani, lakini wewe ulipoijaribu ulitabasamu, na mimi siku hizi nafuata tabasamu lako.

Jambo jingine ni la ufundi, na ni aibu ya kazi yetu. Simu nyingi zilizotoka kiwandani na OLED, zikivunjika kioo mafundi wanazivisha LCD ya bei ndogo, na mwenye simu hajui. Anaona tu kwamba siku hizi chaji haikai na jua linamshinda. Ndiyo maana siku hizi unatuona mimi na Salvator tukijifunika kitenge na simu za watu. Unaweka picha nyeusi, unaangalia gizani. Ukiona majivu umeuziwa nyingine. Hii yako nimeifunikia kitenge mara nyingi mpaka nikajiona mwehu, na ni nyeusi kama inavyopaswa.

Nimeongeza na ile ndogo ya vibonye. Najua utacheka. Wateja wanaidharau, lakini kioo chake hakipigani na jua, kinalitumia. Jua likizidi ndivyo namba zinavyoonekana, na inakaa siku nyingi bila chaji. Iwe ya kupiga na kupigiwa, ili kubwa ibaki ya kazi.

Sasa nifike kwenye neno lako la Jumapili. Tulikuwa tunakunja nguo, nikakuambia ukifika Kayanza usitembee peke yako hata kwenda kisimani, na usiongee na mtu usiyemjua, na jioni ujifungie. Ukaniwekea nguo chini.

“Mama, we unanilinda ama unanificha?”

Nami nikakujibu, “Siku utakayozaa nyamweru wako ndiyo utajua.”

Eh, Mungu wangu. Nililisema hilo kwa mdomo huu. Uliokota nguo ukaendelea kukunja, na mimi badala ya kukushika nikaenda kuangalia maharage jikoni. Sijalifuta mpaka leo. Nalifuta hapa. Hujawahi kuwa adhabu yangu, Kevine. Nilikupenda tangu siku niliyokuona, mweupe na mwenye hasira, umefumba macho kwa sababu ya taa ya wodini. Hakuna aliyenifundisha kumpenda mtoto bila kumfungia mlango, basi nikafunga kila mlango niliouona.

Na hata baada ya kulielewa hilo, bado nimefanya jingine. Ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Nilipokuwa naiandaa simu yako, nikiweka namba na mambo yako ya mradi, niliwasha humo kitu cha kunionyesha mahali ulipo. Hukuniona. Kwenye simu yangu kuna ramani, na juu ya ramani kuna kidoti, na kile kidoti ni wewe. Nilipanga usijue. Nilijiambia nitakuwa nakuangalia asubuhi unatoka, mchana uko mlima gani, jioni umerudi. Kidoti kikisimama mahali pabaya nitapiga kelele. Jamani, hata sijui ni nani angenisikia, mimi niko Ngagara na wewe uko Kayanza.

Juzi nilimpa Salvator simu yako aende nayo Gatumba kutwa, aitumie juani kama utakavyoitumia, ukurasa mweusi na kila kitu, ili nione betri. Ilizima kabla ya jioni. Tukastaajabu, maana kioo hakikuwa na kosa. Akaifungua akaangalia kinachokula chaji, akanionyesha. Ni mimi. Ni kile kidoti. Akaniambia, “Mama Kevine, hapa ni mujini, reseau iko mingi. Kule mulimani telefone itahangaika kutafuta mutandao ili ikutumie we habari. Mutoto hatafika hata saa tisa.” Jana nikaijaribu mwenyewe bila kile kitu. Imefika jioni, na bado ina akiba, na usiku nikakiwasha tena.

Nimelala na hilo. Ukweli ni kwamba nilikuwa radhi kioo chako kikuzimikie mikononi, katikati ya shamba la mtu, mbele ya mkuu wako wa kazi, mradi tu mimi hapa nijue uko wapi. Na kinachonitisha zaidi, nilipata mpaka sababu nzuri za kujitetea. Nikasema usalama. Nikasema mama gani asingefanya hivyo. Huenda hata ni kweli, na watu wabaya wapo kweli, na sitawahi kuacha kuogopa. Lakini chaji ile ni ya kazi yako. Simu ikizima, utakuwa unashindwa kusoma na kushindwa kumwita mtu kwa pamoja, na hata kidoti chenyewe kingepotea. Nimejibishana na nafsi yangu tangu asubuhi, nimekosa wateja wawili kwa kutowasikia.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nitakuachia barua hii ndani ya kisanduku cha simu, uisome kwenye basi, umejifunika kitenge, na yeyote akikuuliza unaficha nini mwambie unasoma. Ukitaka nijue uko wapi, utaniambia. Ukikaa kimya siku mbili tatu nitaumia, sitajifanya jasiri, lakini sitapiga simu kwa mkuu wako na sitapanda basi kukufuata. Salvator ameahidi kunishika.

Nimefungua ramani kwenye simu yangu. Simu yako iko hapa, karibu na kiwiko changu, kwa hiyo vile vidoti viwili, chako na changu, vimekaa mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, hata kuvitofautisha ni kazi. Nimeshika simu yako na kubonyeza pa kuzimia. Imeniuliza kama nina hakika. Nimekaa nayo, jua limesogea mpaka miguuni kwangu, machozi yameanguka kwenye ile filamu isiyong'aa nikayafuta na kitenge. Kisha nimebonyeza tena. Nimeangalia ramani yangu. Kimebaki kimoja, hapa Ngagara.

Mimi, mama yako